Gari Haliendi kwa Watu na Oili Chafu

Msusi alikuwa mwanamke mchangamfu tangu zamani, lakini asubuhi ile ya Jumamosi alizidisha. Aliamka akiimba, akaisahau chai mpaka ikafurika jikoni, akavaa gauni chakavu alilokuwa akilivaa siku za kupaka wateja rangi ya nywele, kisha akatoka uani na spana mkononi, kifua mbele, kama aliyekuja kupokea kombe. Wateja wote wa siku hiyo alikuwa amewaahirisha. Aliyetaka kusukwa Jumamosi ile asubiri, kwa sababu Msusi alikuwa na kichwa kingine cha kushughulikia, na hicho kilikuwa cha chuma.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Dereva. Alikuwa ameendesha teksi tangu ujana mpaka mvi, na miaka mingi ya mwisho aliendesha gari lile lile moja, dogo, jeupe, lenye mlango mmoja wa bluu uliotolewa kwenye gari jingine lililokufa. Gari hilo ndilo lililowasomesha watoto wao mpaka wakahamia mbali na kuanza kupiga simu siku za sikukuu tu. Kisha presha ya macho ikamwanza kimyakimya. Dereva ni mbishi, hospitali alikwenda kwa kuburutwa, na alipofika aliambiwa kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa aliona mwanga na kivuli. Alijua kama mlango uko wazi au umefungwa, na zaidi ya hapo alitumia mikono na masikio.

Ndipo Msusi akajifunza kuendesha, bibi mwenye wajukuu, katikati ya vijana waliomwita mama. Mtihani wa kwanza aligonga pipa. Wa pili alifaulu, na leseni yake akawaonyesha wateja mmoja mmoja mpaka wakamjua kwa hilo. Tatizo lilikuwa moja tu: Dereva hakukubali kupanda gari akiendeshwa na yeye. "Sijawahi kubebwa kwenye gari langu mwenyewe," alisema. "Mimi si gunia." Basi Msusi akawa anakwenda peke yake, mpaka duka la nywele za bandia na kurudi, mwendo ambao hata injini haiwahi kupata moto. Siku nyingine zote gari lilikaa uani likilala na vumbi lake.

Halafu Dereva akaamua kuliuza. Mwenye Bucha, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa akilimezea mate gari hilo siku nyingi, akitaka la kubebea nyama. Wawili hao wakazungumza barazani, wakapeana mikono, na wakakubaliana kwamba Jumamosi alasiri Bucha aje na pesa, aondoke na funguo. Msusi alisikia yote akiwa dirishani na kitana mkononi, na roho ikamuuma sana. Hakuwa akililia safari zake za nywele. Alimwona mumewe alivyokuwa akinyauka, alivyoacha kunyoa ndevu, alivyoacha hata kuulizia redio. Kitu pekee alichokuwa bado akikifanya ni kutoka uani kila asubuhi na kuweka kiganja juu ya boneti. Gari likiondoka, atatoka uani kufanya nini?

Msusi alimjua mtu wake. Ukimbishia Dereva uso kwa uso, anafunga milango yote na kukaa ndani. Kwa hiyo hakubisha. Alikaa kando yake barazani, akahema kidogo, akasema, "Sawa, baba. Liende. Lakini gari la Dereva haliendi kwa watu na oili chafu. Bucha akifungua boneti mbele ya mtaa mzima, tutauficha wapi uso?"

Dereva akakunja uso. Hapo alikuwa amepatikana. "Ilibadilishwa lini mara ya mwisho?"

"Uliibadilisha wewe. Kabla ya macho."

"Basi lipeleke gereji."

"Nitabadilisha mwenyewe."

Dereva akacheka. Hakucheka kwa wema, alicheka kile kicheko cha puani, lakini kilikuwa kicheko, na Msusi hakuwa amekisikia kwa miezi mingi. Kikampa nguvu kuliko maneno yoyote ya kutiwa moyo.

Alianza siku ile ile. Alifungua boneti, akatafuta kijiti cha kupimia oili, akachomoa kwanza kitu ambacho hakikuwa hicho, akakirudisha haraka kabla hakijamletea balaa, kisha akakipata chenyewe, chenye kishikio cha njano. Akakifuta, akakizamisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imefika alama ya juu lakini ilikuwa nyeusi tititi. Akakimbilia barazani.

"Nyeusi!" alitangaza. "Nyeusi kama masizi!"

"Weusi si kesi," Dereva alisema bila kugeuka. "Oili nzuri inaosha injini, lazima iwe nyeusi. Ukibadilisha kwa kuangalia rangi utabadilisha kila wiki."

"Basi nitajuaje kama imechoka?"

Msusi hakungoja ruhusa. Alimshika mkono, akamdondoshea tone moja kwenye kidole cha shahada. Kidole kikabaki hewani kidogo. Halafu, polepole, Dereva akakisugua kwenye kidole gumba, akakileta puani.

"Nyepesi," alisema. "Haina mwili. Na inanuka petroli. Unaisikia? Hizo ni safari zako za kwenda kununua nywele. Injini haipati moto, petroli inateremkia kwenye oili, inaizimua. Mtu atakwambia kilomita bado, gari halijatembea. Gari la safari fupi usilihesabie kilomita, lihesabie miezi." Akajifutia kidole kwenye suruali, kama aliyeona amesema mengi mno. Doa likabaki. Msusi hakulifua wiki nzima, kwa furaha tu.

Kesho yake akaenda duka la spea. Nyuma ya meza alikuwepo binti mwenye kalamu sikioni, na mbele ya meza aliegemea jamaa mmoja wa makamo ambaye hakuwa akinunua chochote, ila alikuwa na ushauri kwa kila aliyeingia.

"Gari kongwe?" jamaa alidakia kabla Msusi hajamaliza salamu. "Mpe nzito, mama. Nzito kabisa, kama uji. Injini za zamani zimelegea, nyepesi itapita katikati ya vyuma."

Muuza spea akamtazama Msusi. "Linatoa moshi, mama?"

"Halitoi."

"Linapunguza oili?"

"Hata kidogo, kijiti kinafika juu."

"Basi haliumwi. Kwa nini ulipe dawa ya ugonjwa ambao halina? Kifuniko cha kumiminia oili kimeandikwa nini?"

Msusi alikuwa amekuja na kifuniko chenyewe kwenye mkoba, kimefungwa kwa kitambaa, kwa sababu asubuhi alipomuuliza mumewe anunue oili gani, Dereva alijibu kwa mkato, "Uliza kifuniko." Akakitoa. Wakakisugua kwa kidole mpaka maandishi yakatokea: 10W-40.

"Kumi kwa arobaini," alisema muuza spea. "Hii ya mwanzo inakwambia oili inavyokimbia injini ikiwa bado baridi, asubuhi unapowasha. Ya pili inakwambia inavyoshikilia uzito injini ikishapata moto. Ukiweka nzito kuliko hii, asubuhi itachelewa kupanda juu, na vyuma vitasagana vikiisubiri."

Msusi akaelewa papo hapo, akapiga meza kwa kiganja. "Kama nywele laini! Mteja ana nywele laini, anataka nimpake mafuta mazito kwa sababu shoga yake anapaka. Zinalala chini kama zimemwagiwa maji!" Binti akacheka. Jamaa wa ushauri akasema yeye hapingi, alikuwa anachangia tu.

Akachukua oili yake, filta mpya ya kuchuja oili na kijipete cha shaba cha kuziba nati ya chini. Kabla ya kutoka aliligeuza kopo huku na huku akakagua kizibo, maana Dereva alikuwa amemtupia neno moja la ziada alipokuwa akifika getini: "Kizibo kisiwe kimeguswa. Kuna watu wanachuja chafu na kuiuza tena." Msusi alitembea barabarani amekumbatia lile kopo kama mtoto, na waliomsalimia aliwajibu kwa sauti ambayo haikuwa na sababu ya kuwa kubwa vile.

Sasa turudi kwenye Jumamosi na spana.

Uani kwao kulikuwa na vilima viwili vya zege, vyembamba, upana wa tairi, ambavyo Dereva mwenyewe alivimimina enzi zake ili gari lipande pua juu na mtu apate nafasi ya kuingia mvunguni. Msusi hakuwahi kulipandisha. Aliwasha injini, akaiacha ingurume kidogo ili oili ipate uvuguvugu na itiririke vizuri, huku moyo wake ukienda mbio kuliko injini. Barazani, Dereva alikuwa amekaa kitini, uso ameuelekeza ukutani, akijifanya hayupo.

Akatia gia ya kwanza. Gari likagusa vilima, likasita, likarudi nyuma. Akajaribu tena, likasita. Mara ya tatu alikanyaga mafuta kwa hasira kidogo, gari likaruka juu kama limekumbuka kitu, na Msusi akapiga breki na ukelele kwa pamoja. Tairi zilikuwa juu. Zilikuwa juu kweli! Alivuta breki ya mkono, akazima injini, akaacha gia ndani, akashuka kuweka mawe nyuma ya tairi za nyuma, na alipotazama barazani akaona kiti cha Dereva kimegeuka. Uso sasa ulikuwa unaelekea gari.

"Mawe yote mawili?" Dereva aliuliza.

"Yote mawili!"

Msusi akatandika gunia, akajitosa mvunguni. Kule chini kulikuwa na ulimwengu wake: vumbi lililogandamana na grisi, mabomba, na katikati nati moja kubwa chini ya bakuli la oili. Akasogeza beseni alilokuwa akioshea wateja vichwa, akajiapia kwamba baada ya leo beseni hilo limestaafu kazi ya vichwa. Nati ilikataa. Akaisukuma, akaivuta, akaitukana kwa adabu. Ikalegea ghafla, na oili ikamwagika vuguvugu, nusu beseni, nusu kiwiko. Msusi alicheka peke yake mvunguni mpaka majirani wakachungulia ukutani.

Filta hakuitafutia kifaa. Vidole vilivyosuka watu maisha yote vina nguvu, na alipoipiga kabari kwa kitambaa kikavu na kuizungusha, ikaachia. Akatambaa nje, akaenda kuiweka juu ya gazeti kwenye ngazi ya baraza, karibu na miguu ya mumewe, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli na hakutaka kuikanyaga. Wala hakuwa na njama yoyote kwa hilo, na hata baadaye alipotaka kujisifia, alikiri kwamba ilikuwa bahati tu.

Akarudi kazini. Nati akaifuta, akaivisha kijipete kipya, akaikaza. Filta mpya akaipaka oili safi kidogo kwenye mpira wake wa duara, akaifunga kwa mkono mpaka ikagota. Akatoka, akafungua kopo kwa ile sauti tamu ya kizibo kinachokatika, akamimina oili ya rangi ya asali taratibu, akapima, akaongeza, akapima, mpaka kijiti kikasema imetosha. Akarudisha kifuniko. Alikuwa amechafuka mpaka nyusi, na hakuwahi kujisikia mrembo namna ile.

Akaingia garini, akashika ufunguo.

"Usiwashe!"

Sauti ilitoka barazani kama ya dereva aliyeona mtoto akikatiza barabara. Msusi aliuachia ufunguo kana kwamba umemuunguza. Dereva alikuwa amesimama. Mkononi alikuwa ameshika ile filta ya zamani, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinazunguka mdomo wa filta hiyo, kinazunguka tena, kikitafuta.

"Mpira wake uko wapi?"

"Mpira upi?"

"Filta hii ina mdomo mtupu. Haina mpira. Mimi kila nikitoa filta nausikia mpira wake kwa kidole, hata nilipokuwa naona. Kama hauko hapa, uko kule juu, umeng'ang'ania injini. Umefunga mpira juu ya mpira, mama. Ungewasha, oili yote uliyomimina ingekuwa chini kabla hujafunga boneti, na injini ingejisaga ikiwa kavu."

Msusi aliiona taa nyekundu ya oili ambayo ingewaka, akamwona Bucha akiingia getini kukuta ziwa la oili na gari maiti, akamwona mumewe akirudi kukaa kimya na safari hii kwa haki. "Nitoke nikaangalie," alisema.

Lakini Dereva alikuwa tayari ameteremka ngazi. Hakuuliza njia. Alipita pembeni ya ndoo, akagusa taa ya gari, akateremsha kiganja kando ya kilima cha zege alichokimimina yeye mwenyewe, akapiga magoti, akalala chali, akaingia mvunguni na shati lake safi. Msusi akalala kando yake. Hakumpa maelekezo, maana kule chini hakuna aliyekuwa akihitaji macho. Dereva aliifungua filta mpya kwa mikono yake, oili kidogo ikamdondokea ndevuni, akapandisha kidole mahali pake, akazungusha mara moja.

"Huyu hapa," alisema.

Aliubandua taratibu kwa ukucha. Mpira mweusi, umekauka na kubapa, ukaanguka kifuani pake. Aliuokota akampa mkewe, akafuta mahali pale kwa kitambaa, akairudisha filta mpya, akaikaza. Kisha akabaki amelala tu, hatoki.

"Kunanuka vizuri huku," alisema.

"Kunanuka grisi, baba."

"Ndiyo nakwambia, kunanuka vizuri." Na akaanza kucheka, si kile cha puani, bali cha tumboni, kile cha enzi za teksi, na Msusi aliyekuwa amekaza machozi tangu lile neno usiwashe akaacha yatoke, akacheka na kulia pale pale kwenye gunia moja na mumewe. Majirani wakachungulia tena. Hawakuambulia kitu.

Walipowasha, taa nyekundu ilimeta, ikazimika. Dereva alichutama akatega masikio, akapitisha kiganja chini ya filta, kikatoka kikavu. "Safi," alisema. Msusi akaliteremsha gari polepole kwenye usawa, wakaliacha litulie, akapima tena, akaongeza kiasi kidogo. Oili chafu wakaimiminia kwenye dumu ili irudishwe duka la spea, maana Dereva hakuwahi kumwaga oili mtaroni na hakutaka kuanza uzeeni.

Bucha akafika alasiri, amepiga pasi, bahasha mfukoni, meno yote nje. "Shemeji! Mbona umekuwa kama fundi?" Akafunguliwa boneti, akawashiwa injini. Ilinguruma kwa utulivu, na Msusi alisimama kando akijivunia na kuumia kwa wakati mmoja. Hakuwa amesema neno la kuomba. Maneno yake yote alikuwa ameyamalizia mvunguni.

"Kaka, hii imetulia!" Bucha alifurahi. "Sasa oili hii itafika mpaka lini?"

Dereva alikuwa akifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. "Kilomita usizifuate," alisema. "Miezi sita. Ikifika, tunalipandisha tena pale juu, tunaibadilisha. Mama anafungua nati, mimi nashika filta. Safari ijayo nitaugusa mpira kabla hajafunga, asinitie presha nyingine."

Bucha akatikisa kichwa kukubali, kisha akakisimamisha. "Mnalipandisha? Nyinyi?"

Dereva aliacha kufuta vidole. Hata Dereva mwenyewe alionekana ndiyo kwanza anayasikia aliyoyasema.

"Ndugu yangu, nisamehe," alisema hatimaye. "Tulipeana mikono, na nimekuangusha. Lakini sina gari la kuuza."

Bucha alishusha mabega. Alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, akauliza nyama zake zibebwe na nini sasa, kichwani? Msusi akadakia kwamba atamletea yeye kila alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza wa nywele, na kwamba injini nayo itapata safari ya maana ya kuipasha moto. Bucha akafikiri, akasema atajaribu wiki moja aone. Akaondoka akinung'unika, lakini getini aligeuka akalitazama gari na kucheka.

Msusi akabaki amesimama katikati ya ua, mikono michafu, hajui aiweke wapi. Alitaka kusema ahsante na akaogopa kuharibu. Dereva alikuwa ameanza kutembea, kiganja juu ya boneti kama kila asubuhi, ila leo hakikukomea hapo. Kilipita kwenye kioo, kikateremka ule mlango wa bluu, upande wa abiria, kikatafuta kitasa. Akafungua, akaketi, akahangaika na mkanda ambao hajawahi kuufunga kwa upande ule.

"Njoo tulipashe moto vizuri," alisema. "Na ukinikwaruzia gia, nashuka."

Getini Msusi akakwaruza gia vibaya sana. Dereva hakushuka.